Kugundua Mapema Bakteria Sugu kwa Wagonjwa wa ICU

Mwongozo kwa wauguzi, madaktari, wafamasia na wataalamu wa maabara wa hospitali za rufaa

1. Mwongozo huu ni wa nani

Mwongozo huu ni wa watumishi wanaomhudumia mgonjwa mahututi kitandani, pamoja na wale wanaopokea sampuli yake maabara. Umezingatia hali ya hospitali ya rufaa ya Afrika Mashariki: vitanda vichache vya ICU, maabara inayoweza kuotesha vimelea, na mtambo wa kisasa unaofanya kazi pale tu vitendanishi vinapokuwepo. Hauchukui nafasi ya miongozo ya kitaifa ya tiba wala ya taratibu sanifu za maabara yako. Unahusu muda ulio kati ya mgonjwa kushukiwa kuwa na maambukizi na dawa yake kurekebishwa kwa kufuata jibu la maabara.

Kanuni inayouongoza ni moja. Jibu huwa la mapema pale linapomfikia anayeandika dawa wakati mabadiliko ya dawa bado yanaweza kumsaidia mgonjwa. Kipimo cha saa 1 kikikaa kwenye trei ya majibu hadi kesho yake asubuhi, kwa mgonjwa hicho ni kipimo cha siku nzima. Kwa hiyo kila hatua hapa chini imepewa muda wake na mhusika wake.

2. Tunatafuta bakteria gani, na kwa nini ICU

Mgonjwa mahututi ana njia nyingi za kuingiza vimelea mwilini: mpira wa kupumulia, mpira wa mkojo, mrija wa mshipa mkubwa, kidonda cha upasuaji. Mara nyingi amepita wodi nyingine na kupewa antibayotiki kadhaa kabla ya kufika ICU, hivyo bakteria waliosalia mwilini mwake ni wale waliozistahimili. Vitanda vimekaribiana, wahudumu ni wale wale, na mkono usiosafishwa huwavusha bakteria kutoka mgonjwa mmoja hadi mwingine.

Orodha ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2024 inaweka katika kundi la hatari kuu Acinetobacter baumannii sugu kwa kabapenemu, pamoja na jamii ya Enterobacterales, kama Klebsiella pneumoniae na Escherichia coli, walio sugu kwa kabapenemu au kwa sefalosporini za kizazi cha tatu kama seftriaksoni. Kundi linalofuata lina Pseudomonas aeruginosa sugu kwa kabapenemu na Staphylococcus aureus sugu kwa methisilini, yaani MRSA. Hao ndio wa kutafutwa kwanza.

Si wageni kwetu. Klebsiella pneumoniae wenye kimeng'enya cha NDM-1, kinachovunja meropenemu na dawa za jamii yake, waliripotiwa Nairobi mwaka 2011. Mwaka 2014 watafiti waliripoti jeni za vimeng'enya vya aina hiyo katika sampuli za wagonjwa wa hospitali ya rufaa jijini Mwanza. Kabla ya hapo, utafiti wa Blomberg na wenzake katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, uliochapishwa mwaka 2007, ulionyesha kuwa asilimia 43.5 ya watoto waliokuwa na bakteria wa Gram hasi kwenye damu walifariki, zaidi ya mara mbili ya kiwango cha watoto wenye malaria. Kupewa dawa ambayo bakteria walikuwa sugu kwayo kulihusishwa na kifo.

Kwa watu wazima ambao shinikizo lao la damu lilishuka kwa sababu ya maambukizi makali, utafiti wa Kumar na wenzake wa mwaka 2006 ulionyesha kwamba katika saa 6 za mwanzo kila saa ya kuchelewa kupata dawa inayofaa iliambatana na kupungua kwa uwezekano wa kuishi kwa wastani wa asilimia 7.6. Neno la kuzingatia hapo ni “inayofaa”. Seftriaksoni iliyochomwa dakika ya kumi haihesabiki ikiwa Klebsiella wa ICU yako wameshaizoea.

3. Kitandani: sampuli

Mhusika: muuguzi wa zamu na daktari aliyeagiza kipimo.

3.1 Damu. Chukua damu ya kuotesha mara maambukizi makali yanaposhukiwa: homa mpya au mwili kupoa isivyo kawaida, shinikizo kushuka, mgonjwa kuchanganyikiwa, au mahitaji ya oksijeni kupanda bila sababu nyingine.

- Chukua kabla ya dozi ya kwanza ya antibayotiki. Lakini mgonjwa aliyezidiwa asicheleweshewe dawa kwa zaidi ya dakika 45 kwa ajili ya sampuli. Mishipa ikikataa, dawa ianze na sampuli ichukuliwe mara inapowezekana, na saa ya dozi iandikwe kwenye fomu.
- Kwa mtu mzima weka mililita 8 hadi 10 kwenye kila chupa, na uchukue kutoka sehemu mbili tofauti za mwili. Bakteria kwenye damu huwa wachache mno, hivyo chupa yenye mililita 3 inaweza kusomeka “hakuna vimelea” kwa mgonjwa ambaye damu yake imejaa maambukizi. Kwa mtoto fuata kiwango cha uzito wake.
- Safisha ngozi kwa klorheksidini ya asilimia 2 iliyochanganywa na alkoholi, uiache ikauke yenyewe. Usiguse tena mahali hapo. Futa pia kifuniko cha mpira cha chupa kwa alkoholi. Kofia ya plastiki haimaanishi kwamba chini yake ni safi.
- Usitegemee damu iliyovutwa kwenye mrija wa zamani peke yake. Ukishuku kwamba mrija wa mshipa mkubwa ndio chanzo, chukua chupa moja kutoka mrijani na nyingine kwenye mshipa wa mkononi kwa wakati mmoja, ujaze kiasi sawa, na uandike ipi ni ipi.

3.2 Majimaji ya njia ya hewa. Kwa mgonjwa aliye kwenye mashine ya kupumulia kwa zaidi ya saa 48, mwenye dalili mpya za nimonia, vuta majimaji kupitia mpira wa kupumulia kwa kutumia mrija safi na kikusanyio tasa. Usipeleke sampuli kwa sababu tu majimaji yamekuwa mengi. Njia ya hewa yenye mpira hukaliwa na bakteria hata pale mapafu yanapokuwa salama, na jibu lisiloombwa kwa sababu ya kitabibu huishia kuleta dawa isiyohitajika.

3.3 Mkojo. Vuta kwenye tundu la sampuli la mpira wa mkojo baada ya kulisafisha kwa alkoholi. Mkojo wa kwenye mfuko umekwishaoteshwa na joto la chumba, na hautaeleza kinachotokea kwenye kibofu.

3.4 Swabu ya njia ya haja kubwa. Hii hutafuta bakteria sugu wanaoishi utumboni bila kuleta ugonjwa. Ichukuliwe siku ya kuingia ICU kwa mgonjwa aliyetoka hospitali nyingine, aliyelazwa karibuni, au aliyekaa karibu na mgonjwa aliyegunduliwa kuwa na bakteria sugu kwa kabapenemu. Swabu isiyo na alama ya kinyesi irudiwe.

3.5 Fomu. Jina kamili, namba ya faili, namba ya kitanda, aina ya sampuli na mahali ilipotoka, saa ya kuchukuliwa, dawa anazotumia, na namba ya simu ya kupokelea majibu. Fomu isiyo na namba ya simu irudishwe ijazwe huku sampuli ikiendelea kushughulikiwa.

4. Njiani

Mhusika: kiongozi wa zamu ICU.

Chupa za damu zifike maabara ndani ya saa 2. Zikisubiri, zikae kwenye joto la kawaida la chumba; zisiwekwe kwenye friji kamwe. Mkojo hufuata kanuni nyingine: usipofika ndani ya saa 2, uhifadhiwe kwenye friji kwa muda usiozidi saa 24. Majimaji ya njia ya hewa yapelekwe mara moja.

Mambo mawili yanayokwamisha safari hii hayatatuliwi na muuguzi; ni kazi ya uongozi wa hospitali. La kwanza ni malipo. Pale ndugu wa mgonjwa wanapotakiwa kulipia kipimo kabla chupa haijatolewa, damu huchukuliwa baada ya dozi ya tatu. ICU iwe na akiba ya chupa zake, na hesabu za malipo zifuate baadaye. La pili ni mbebaji. Kila zamu, ya usiku ikiwemo, iwe na mtu anayejulikana kwa jina kuwa ndiye wa kupeleka sampuli. Kusema “atapeleka yeyote atakayepita” ni sawa na kusema hakuna atakayepeleka.

5. Maabara: ratiba ya saa kwa saa

Mhusika: mtaalamu wa maabara wa zamu.

5.1 Kabla chupa haijatoa ishara. Mtambo wa kuotesha damu ukilia saa tatu usiku na kusikika saa mbili asubuhi, saa 11 zimepotea bila kosa la mashine. Hospitali yenye ICU iwe na mtu wa maabara anayeangalia mtambo usiku, hata kama ni yule wa benki ya damu aliyefundishwa kuandaa na kusoma rangi ya Gram. Pasipo mtambo, chupa zikaguliwe kwa macho angalau mara mbili kwa siku katika siku 2 za mwanzo: ukungu, mapovu, damu kuyeyuka, vipunje juu ya damu iliyotuama. Baada ya saa 24, chupa isiyoonyesha dalili ioteshwe tone lake kwenye sahani. Bakteria wengi wenye maana huonekana ndani ya saa 48, kwa hiyo siku mbili hizo ndizo za kulindwa zaidi.

5.2 Saa ya 0 hadi ya 1. Chupa ikitoa ishara, andaa rangi ya Gram mara moja na upige simu ICU ndani ya saa 1. Jibu la Gram halitaji usugu, lakini hubadilisha uamuzi. “Vijiti vya Gram hasi” kwa mgonjwa anayetumia dawa ya Gram chanya peke yake ni habari ya dharura.

5.3 Saa ile ile ya kwanza. Otesha kwenye sahani za kawaida, na weka kipimo cha diski moja kwa moja kutoka kwenye chupa. Kamati ya Ulaya ya vipimo vya usikivu wa dawa, EUCAST, ina njia yake: mikrolita 100 hadi 150 za damu iliyoota husambazwa kwenye agari ya Mueller-Hinton bila kuchanganywa na kitu, diski zikawekwa, na vipenyo vikasomwa baada ya saa 4, 6 na 8. Zingatia masharti mawili. Vipenyo vya saa hizo vina jedwali lake. Jedwali la kipimo cha kawaida halitumiki. Pia, mipaka inatofautiana kwa kila spishi, kwa hiyo maabara isiyoweza kumtaja bakteria kwa spishi ndani ya saa hizo isitoe jibu la “anasikia” au “ni sugu” kwa njia hii. Na duara lisilosomeka vizuri lisikisiwe. Sahani irudishwe kwenye inkubeta hadi usomaji unaofuata.

5.4 Siku ya pili. Kipimo cha kawaida cha diski kinahitaji ukungu wa McFarland 0.5, agari yenye kina cha milimita 4, nyuzi 35 za Selsiasi, na saa 16 hadi 20. Yaangaliwe kwanza haya:

- *Seftriaksoni, sefotaksimu au seftazidimu zikishindwa:* rudia sefotaksimu na seftazidimu pamoja na asidi ya klavulani. Kipenyo kikiongezeka kwa milimita 5 au zaidi, bakteria anazalisha vimeng'enya vya ESBL.
- *Meropenemu:* kwa mujibu wa EUCAST, Enterobacterales wenye kipenyo chini ya milimita 28 wachunguzwe kama wanazalisha kabapenemasi, yaani vimeng'enya vinavyovunja kabapenemu, hata kama kwenye jedwali la tiba bado wanaonekana kusikia.
- *Staphylococcus aureus:* diski ya sefoksitini ya mikrogramu 30. Kipenyo chini ya milimita 22 ni MRSA.

5.5 Kuthibitisha kabapenemasi. Chagua kwa kadiri ya uwezo wa maabara, na uchague kile kitakachopatikana mwaka mzima.

- Kipimo cha rangi cha Carba NP, kilichotangazwa mwaka 2012, hugeuka kutoka nyekundu hadi njano ndani ya saa 2.
- Vipande vya kupimia, vinavyofanana na vile vya malaria, hutaja, kwa takriban dakika 15, KPC, NDM, VIM, IMP na OXA-48 kutoka kwenye bakteria walioota.
- Njia ya mCIM hutumia diski ya meropenemu, mchuzi wa kuoteshea na bakteria wa rejea. Jibu huja kesho yake, ila gharama yake ni ndogo na vifaa tayari vipo.
- GeneXpert, ambayo hospitali nyingi zinayo kwa ajili ya kifua kikuu, inaweza kutumia katriji ya Carba-R kupima swabu ya njia ya haja kubwa kwa chini ya saa 1. Zungumza na kitengo cha kifua kikuu kuhusu nafasi kwenye mashine kabla ya kuagiza katriji. Mgonjwa wa kifua kikuu asisukumwe pembeni.

5.6 Ubora. Bakteria wa rejea, kama E. coli ATCC 25922 na S. aureus ATCC 25923, wapimwe kwa ratiba. Diski zitunzwe kwenye baridi na zifunguliwe zikishafikia joto la chumba, la sivyo unyevu utazilegeza. Baada ya kukatika kwa umeme kwa muda mrefu, pima bakteria wa rejea kwanza kabla ya kutoa jibu la mgonjwa.

6. Simu

Wahusika: mtaalamu wa maabara anayepiga, na daktari au muuguzi anayepokea.

Majibu ya dharura ni haya: Gram ya damu iliyoota, dalili yoyote ya kabapenemasi, MRSA kwenye damu, na bakteria yeyote sugu kwa dawa ambayo mgonjwa anaitumia wakati huo. Yapigiwe simu, karatasi itafuata. Ujumbe uwe mfupi, na anayepokea aurudie:

“Dokta, ni maabara ya vimelea. Mgonjwa wa kitanda namba 4, nitakusomea jina na namba ya faili. Damu ya jana jioni imeota, Gram hasi, vijiti, chupa zote mbili. Usikivu wa awali tutakupigia saa kumi jioni. Naomba urudie.”

Pande zote mbili ziandike saa, jina la aliyepiga, jina la aliyepokea na kilichosemwa. Kundi la WhatsApp si mahali pa jina la mgonjwa, na ujumbe uliosomwa na watu 20 haumaanishi kuna aliyeufanyia kazi. Jibu likija wakati wa kukabidhiana zamu, litajwe kwa sauti na liandikwe juu kabisa ya ripoti ya zamu.

7. Baada ya jibu

7.1 Dawa. Daktari aiangalie dawa ndani ya saa 1 baada ya simu. Panua ikiwa bakteria hafikiwi. Punguza ikiwa dawa nyembamba inatosha. Simamisha ikiwa hakuna ushahidi wa maambukizi. Katika saa 48 hadi 72 tangu dawa ianze, mapitio yafanyike pamoja na mfamasia hata kama maabara haijaleta jipya. Dawa za akiba, kama kolistini, zitolewe baada ya mashauriano, na mfamasia athibitishe dozi kulingana na hali ya figo.

7.2 Kinga. Muuguzi asisubiri agizo la daktari kuanza tahadhari. Mgonjwa mwenye bakteria sugu kwa kabapenemu atengwe chumba au kona yake, awe na stetoskopu na kifaa chake cha kupimia presha, na anayemgusa avae glavu na gauni. Glavu hazifuti wajibu wa kusafisha mikono kabla na baada. Sinki, reli za kitanda na vitufe vya mashine viingie kwenye orodha ya usafi ya kila zamu. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2017 kuhusu bakteria hawa inajengwa juu ya mambo hayo hayo: mikono, ufuatiliaji, tahadhari za mguso, kutenga na usafi wa mazingira.

7.3 Ndugu. Waelezwe kwa lugha nyepesi kwamba mgonjwa wao ana vimelea vinavyohitaji uangalizi zaidi, kwamba kumtenga si kumtupa, na kwamba wanaweza kumwona wakisafisha mikono wanapoingia na kutoka.

8. Mitego ya kusoma majibu

- *Swabu chanya si ugonjwa.* Bakteria sugu utumboni mwa mgonjwa asiye na dalili huita tahadhari za kinga. Si sababu ya kumpa mgonjwa antibayotiki.
- *Carba-R hasi haimaanishi meropenemu itafanya kazi.* Katriji hutafuta jeni chache. Acinetobacter sugu mara nyingi hubeba OXA-23, ambayo haimo humo. Kipimo cha diski ndicho chenye neno la mwisho kuhusu dawa hiyo.
- *Kolistini haipimwi kwa diski ya kawaida.* Molekuli yake hupenya agari kwa shida, na kipenyo hudanganya. Hutakiwa mchuzi wenye viwango vilivyopangwa. Na kumbuka kuwa Proteus, Serratia, Morganella na Providencia ni sugu kwa kolistini kwa maumbile.
- *Bakteria wa ngozi kwenye chupa moja kati ya mbili* mara nyingi ni uchafuzi. Bakteria yule yule kwenye chupa za sehemu zote mbili anastahili kuchukuliwa kwa uzito. Hii ni sababu nyingine ya kutochukua chupa moja pekee.
- *“Hakuna vimelea” baada ya antibayotiki* si hati ya usalama. Soma jibu ukiwa na saa ya dozi mkononi.

9. Kupima utendaji

Kila mwezi, ICU na maabara wakae pamoja na kuangalia namba hizi:

1. Asilimia ya wagonjwa waliochukuliwa damu kabla ya antibayotiki.
2. Asilimia ya chupa zenye ujazo unaotakiwa, kwa kuzipima uzito.
3. Asilimia ya chupa zilizofika ndani ya saa 2, mchana na usiku zikitenganishwa.
4. Kiwango cha uchafuzi wa damu. Lengo ni chini ya asilimia 3.
5. Muda kutoka ishara ya chupa hadi simu.
6. Muda kutoka simu hadi uamuzi wa dawa kuandikwa kwenye faili.

Namba ya sita ndiyo inayopima mwongozo huu. Tano za kwanza zikiwa nzuri na ya sita ikawa mbaya, tatizo liko kwenye raundi za madaktari na si kwenye darubini.

Mara moja kwa mwaka, maabara itoe jedwali la usikivu wa bakteria wa ICU peke yake, likihesabu sampuli ya kwanza ya kila mgonjwa. Programu ya WHONET inaifanya kazi hii bila malipo. Bakteria wenye sampuli chini ya 30 wasipewe asilimia. Wajumlishwe na mwaka uliopita. Jedwali hilo libandikwe pale dawa zinapoandikwa, na kamati ya dawa ya hospitali ilitumie kuchagua dawa ya kuanzia. Dawa ya kwanza ikichaguliwa kwa takwimu za ICU yenyewe, mgonjwa anayeingia leo usiku anafaidika na sampuli za waliomtangulia kabla chupa yake haijaota.